Wanunuzi hewa kwenye mnada wa sarafu na noti za zamani: jinsi ya kununua bila kupandishiwa bei

Noti ilikuwa ya shilingi 20, toleo la 1966, mwaka ambao Benki Kuu ya Kenya ilitoa noti zake za kwanza. Ilikuwa imekunjwa mara mbili, na kwenye kona ya kushoto mtu alikuwa ameichora vistari viwili vya wino wa buluu. Muuzaji aliiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha wapenzi wa vitu vya kale: bei ya kuanzia 1,500, kupanda kwa 100, mwisho saa tatu usiku. Mchana wa siku hiyo alinitumia ujumbe pembeni: "Bro, hii najua utaitaka. Unaweza kufika ngapi?" Nilikuwa kwenye matatu natokea Kondele kwenda mjini. Nikamjibu ukweli: elfu sita.

Usiku ule nambari mbili nisizozijua zilinifuata mia kwa mia mpaka nikafika 5,900, kisha zote zikanyamaza kwa pamoja. Wanakikundi wakanipongeza. Miezi miwili baadaye noti ya aina hiyohiyo, safi kuliko yangu, ilienda kwa 2,600 kwa muuzaji mwingine. Ndipo nikarudi kuusoma ule mnada wa kwanza, ujumbe baada ya ujumbe. Wale washindani wangu wawili walikuwa wanaandika "nimeogeza" badala ya "nimeongeza", wote wawili, kila mara. Nikaingiza nambari ya mmoja wao kwenye M-Pesa kana kwamba namtumia pesa, nikasubiri jina litokee. Lilikuwa jina la muuzaji mwenyewe.

Hao nawaita wanunuzi hewa, kama tunavyosema wafanyakazi hewa. Ni muuzaji mwenyewe kwa laini ya pili, au shemeji yake, au rafiki yake, anayeweka dau bila nia ya kununua ili wewe uamini kuna ushindani. Aliyewahi kuingia matatu iliyojaa pale steji ya Kisumu akalipa nauli, kisha akaona "abiria" wanne wakishuka mmoja mmoja na gari likibaki nusu tupu, anaijua mbinu hii tayari. Tofauti ni kwamba kwenye matatu unapoteza dakika 40, na kwenye mnada unapoteza pesa.

Tena si mchezo wa vikundi vidogo tu. Mwaka 2000, mchoro uliodhaniwa kuwa wa msanii Richard Diebenkorn uliwekwa kwenye soko la mtandaoni la eBay kwa senti 25 za Marekani ukapanda hadi dola 135,805, na ikagundulika muuzaji alikuwa ameweka dau kwenye mnada wake mwenyewe kwa jina lingine. Kwenye kadi za michezo, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya, William Mastro, aliyekuwa na nyumba kubwa ya mnada karibu na Chicago, alikiri udanganyifu uliohusisha madau hewa na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20. Wanunuzi wake walikuwa watu wenye uzoefu na pesa. Kwa hiyo usijidharau ukishapigwa, lakini jifunze kujikinga. Hizi ndizo hatua ninazofuata sasa.

Hatua ya 1: Ijue bei kabla ya kufungua mnada

Hatua hii peke yake inazuia hasara nyingi. Mnunuzi hewa hawezi kumfanya lolote mtu anayejua kitu kinauzwa ngapi. Anamla yule anayejifunza bei kutoka kwa washindani wake: "kama hawa wawili wanaitaka kwa 4,000, basi lazima ni ya thamani." Hapo ndipo mtego ulipo.

Kwenye eBay, tafuta kitu chako kisha uchuje ili vionekane vilivyouzwa tu, si vinavyouzwa. Bei inayoombwa si bei iliyolipwa. Mtu anaweza kuomba dola 900 kwa sarafu ya dola 3, na ikakaa hapo miaka. Chukua mauzo matano au sita ya kitu chenye hali kama ya kile unachokitaka, andika bei zake, kisha ufute ile ya juu kabisa. Naifuta kwa sababu huenda nayo ilipandishwa na mnunuzi hewa, na huenda hata haikulipwa. Bei ya katikati ya zilizobaki ndiyo ninayoiamini. Numista, tovuti yenye orodha ya sarafu, pia inasaidia kujua sarafu ni ipi, ina uzito gani, na ilitolewa miaka gani.

Nitoe mifano ya vitu vinavyotusumbua huku kwetu. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba mbele ya milima, wauzaji huiandika "SILVER" kwa herufi kubwa. Za kuanzia 1921 hadi 1946 kweli zina fedha, lakini robo tu. Sarafu nzima ina takriban gramu 7.8, maana yake fedha halisi ni chini ya gramu 2. Za kuanzia 1948 hazina fedha hata kidogo. Kwa hiyo mtu akikuandikia "silver 1952", mnada huo umeisha kabla haujaanza.

Mfano mwingine ni senti 10 yenye tundu ya mwaka 1936 iliyoandikwa jina la Edward VIII. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja, Januari hadi Desemba 1936, akajiuzulu. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia mitaani, na wauzaji hulitumia jambo hilo kuipandisha ya kwetu. Lakini za Afrika Mashariki zilitolewa kwa wingi, na kwa kuwa zina tundu hata sura ya mfalme haimo, ni jina tu. Nimeziona soko la Kibuye siku ya Jumapili zimetungwa kwenye uzi pamoja na senti nyingine za zamani, mama akiziuza kwa kishada. Ni sarafu nzuri, ina historia tamu, inunue. Ila usiinunue kwa bei ya hadithi.

Na ile shilingi 40 ya mwaka 2003, yenye sura ya Rais Kibaki, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru: ilitolewa itumike madukani, na nyumba nyingi bado zina moja kwenye kopo.

Ikiwa ni sarafu ya miaka ya vita, angalia pia herufi ndogo ya kiwanda. H ni Heaton wa Birmingham, KN ni King's Norton, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Mwaka uleule ukiwa na herufi tofauti unaweza kuwa na bei tofauti, na ukilinganisha shilingi ya 1942 ya H na ile ya I bila kujua, hesabu yako yote itapinda.

Hatua ya 2: Andika dari yako, na usimwambie mtu

Dari ni ile bei ambayo ukiipita utajuta kesho asubuhi. Iandike kwenye karatasi mnada ukiwa bado haujachangamka. Mimi naandika nyuma ya risiti yoyote iliyo karibu na kuiweka chini ya simu.

Kama unaagiza kutoka nje, dari hiyo iwe na kila kitu: bei, posta, na kodi mzigo ukifika, ikiwemo VAT ya asilimia 16. Sarafu ya dola 20 ikisafirishwa kwa dola 18 si sarafu ya dola 20 tena.

Muuzaji akikuuliza pembeni unaweza kufika ngapi, mjibu kwa upole kwamba utafuata mnada. Swali hilo linaonekana la kirafiki, na pengine wengine huliuliza kwa nia safi, lakini ukishalijibu umemkabidhi ufunguo. Mnada wa haki hauhitaji muuzaji kujua dari ya mtu yeyote.

Hatua ya 3: Elewa jinsi mashine inavyokupandishia

Kwenye WhatsApp kila dau unaliandika mwenyewe. eBay ni tofauti: unaipa mashine dari yako, nayo inakupandishia kidogo kidogo kadiri wengine wanavyoweka. Tuseme umeweka dola 60 na mwingine wa kweli aliweka 30. Bei itakayoonekana ni dola 31, kwa sababu kati ya dola 25 na 99.99 hatua ni dola 1. Mnada ukiisha hapo, unalipa 31. Zile 29 zilizobaki ni zako.

Mnunuzi hewa anazitaka hizo 29. Anaweka 40, bei inakuwa 41 nawe bado unaongoza. Anaweka 50, inakuwa 51. Anaweka 58, inakuwa 59. Akiogopa kukupita na kubaki na mzigo, anaacha hapo. Akiwa na ujasiri zaidi, anaendelea mpaka akupite, ajue dari yako ilikuwa 60, kisha anaondoa dau lake kwa kisingizio cha kukosea kuandika bei, na baadaye akaunti nyingine inakuja kukupandisha mpaka ukingoni. Kwa hiyo ukiona historia yenye madau madogo madogo ya haraka kutoka kwa mtu mmoja, 40, 44, 48, 52, halafu dau limeondolewa, mtu huyo alikuwa anapima kina cha mfuko wako.

Wapo watu wa kweli wanaopanda hivyo, hasa wageni wa mnada. Dau lililoondolewa ndilo linalonifanya nisimame.

Hatua ya 4: Soma historia ya madau

eBay huficha majina ya walioweka dau kwa nyota, lakini haifichi tabia zao. Gusa idadi ya madau, kisha umguse mmoja mmoja. Utaona muhtasari wa siku 30: ameweka madau mangapi, kwenye vitu vingapi, ameondoa mangapi, na asilimia ngapi ya madau yake iko kwa muuzaji huyuhuyu.

Asilimia kubwa peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Wauzaji wa sarafu za Afrika Mashariki si wengi, na mkusanyaji wa kweli anaweza kununua kwa mmoja mwezi mzima. Kinachonishtua ni dalili zikikutana. Akaunti haina sifa hata moja kutoka kwa wauzaji wengine. Asilimia 100 iko kwa muuzaji huyu. Na vitu alivyowekea dau havihusiani: leo sarafu ya 1925, jana viatu, juzi taa ya gari, vyote vya muuzaji mmoja. Hakuna mkusanyaji wa aina hiyo. Huyo hafuati sarafu, anamfuata muuzaji.

Tazama na saa. Anayetaka kitu kweli hurudi mwishoni kukipigania. Mnunuzi hewa hufanya kazi yake mapema na katikati, halafu dakika za mwisho haonekani, maana dakika za mwisho ndizo hatari kwake: akikosea anashinda.

Rudi pia kwenye vitu ambavyo muuzaji aliuza zamani. Kitu kilekile kikiwa kimeuzwa na kurudi, angalia alama za mwilini: mkunjo, doa, mkwaruzo, vistari vya wino kama vya noti yangu. Noti ikiwa na namba ya mfululizo inayosomeka, linganisha namba. Wanunuzi wa kweli huwa wanakataa kulipa wakati mwingine, hivyo kurudi mara moja si neno. Kurudi mara tatu ni kwamba "mshindi" alikuwa wa nyumbani.

Hatua ya 5: Kwenye WhatsApp na Facebook, wewe ndiye mkaguzi

Huku hakuna mashine wala muhtasari wa siku 30. Kuna nambari za simu na majina, na hivyo vinatosha ukivitumia vizuri.

Kabla ya mnada, uliza mambo matatu hadharani, si pembeni: je, kuna bei ya siri ambayo muuzaji hauzi chini yake? Mnada unaisha saa ngapi kamili, na dau likija dakika ya mwisho muda unaongezwa? Je, muuzaji au jamaa zake wanaruhusiwa kuweka dau? Swali la tatu huwakera wengine. Liulize tu. Muuzaji mwaminifu ana njia halali za kujikinga na hasara: aanze na bei ya juu, au atangaze kwamba kuna bei ya siri. Hana haja ya kumtuma binamu yake.

Wakati wa mnada, nambari usiyoijua ikikufuata, angalia ilijiunga lini kwenye kikundi na kama imewahi kuandika chochote kisichokuwa dau. Imewahi kuuliza kuhusu hali ya noti? Imewahi kuomba picha ya upande wa pili? Mnunuzi wa kweli anasumbua, anataka picha, anauliza kama kuna tundu la pini. Wale wangu wawili hawakuuliza neno lolote kuhusu noti yenyewe. Hilo ningeliona usiku uleule kama ningekuwa naangalia.

Ukaguzi wa jina kwa M-Pesa niliutaja hapo juu: ingiza nambari, jina litokee, kisha usitishe muamala kabla pesa haijaondoka. Ila uwe na kiasi. Otieno au Wafula wawili kwenye kikundi kimoja hawalazimiki kuwa ndugu, na kumwita mtu mwizi mbele ya watu 200 kwa sababu ya jina ni dhuluma nyingine. Ukiwa na shaka, acha mnada huo. Huhitaji ushahidi wa mahakamani ili usinunue.

Hatua ya 6: Dau moja, mwishoni

Kwenye eBay, weka dari yako mara moja, sekunde kumi hivi kabla ya mnada kufungwa. Asiyeonekana hawezi kupimwa. Mtandao wetu una tabia zake, kwa hiyo nisingesubiri mpaka sekunde ya tatu. Ukipitwa, imepita. Usiongeze. Karatasi iko chini ya simu.

Kwenye vikundi vinavyoongeza muda kila dau linapoingia, ujanja huo haufanyi kazi. Pale silaha yako ni kunyamaza. Ukihisi unavutwa, acha kwa dakika 15 uone nani atapanda juu ya nani. Wanunuzi hewa hawashindani wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo wewe ukitoka mnada wote hunyamaza.

Hatua ya 7: Ujumbe wa asubuhi

Ukishindwa kwa tofauti ndogo, halafu asubuhi muuzaji akakuandikia kwamba mshindi amekwama na anaweza kukupa kwa dau lako la mwisho, tulia. Pengine ni kweli. Lakini hivi ndivyo inavyokuwa pia mnunuzi hewa akishinda kwa bahati mbaya: mzigo umebaki mikononi mwa muuzaji naye anatafuta wa kumrudishia.

Jibu langu huwa moja. Namwambia niko tayari kwa bei iliyokuwepo kabla ya aliyekwama kuingia. Kama mwingine wa kweli aliishia 2,200 nami nikafuata, basi 2,300, si 5,000. Kama mshindi hakuwa mnunuzi, madau yake yote hayakuwa bei. Muuzaji mwaminifu hulielewa hilo haraka. Anayekasirika na kusema kuna watu wengine watano wanasubiri, mwache awauzie hao watano.

Hatua ya 8: Ukishatambua umepigwa

Kwanza ujue kinga za kununua zinafunika nini. eBay hurudisha pesa mzigo usipofika au usipofanana na maelezo. Kulipa ghali hakumo. Lakini madau ya kupandisha bei yamepigwa marufuku kabisa pale, hata yakiwekwa na ndugu, rafiki, mfanyakazi au mtu mnayeishi naye, kwa hiyo ripoti kitu chenyewe pamoja na akaunti unazozishuku.

Kwa M-Pesa, kutuma ujumbe kwa 456 ni kwa pesa iliyokwenda nambari isiyo sahihi. Usiitumie kwa ugomvi wa mnada. Uliilipa nambari uliyokusudia.

Sheria yetu ya Kenya haiko kimya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamkataza muuzaji kuweka dau au kumtuma mtu amwekee, isipokuwa kama alitangaza mapema kwamba anajiwekea haki hiyo, na mnunuzi anaweza kuuchukulia mnada kama huo kuwa wa ulaghai. Kiasi kisichozidi shilingi milioni 1 unaweza kukipeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambako kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Kwa tofauti ya 3,300 kama yangu sikwenda. Kwa elfu 80 ningekwenda.

Lakini uende popote, au usiende, ushahidi uwe mkononi kabla hujamuuliza muuzaji swali hata moja. Mimi niliuliza kwanza. Nilipofungua kikundi tena, ujumbe wa zile nambari mbili ulikuwa umeshafutwa, na nilichobaki nacho ni kipande kimoja cha mazungumzo nilichokuwa nimekipiga picha. Kwa hiyo hamisha mazungumzo yote ya kikundi yawe faili, piga picha za skrini zinazoonyesha nambari na saa, hifadhi ujumbe wa malipo wa M-Pesa, kisha jitumie vyote kwa barua pepe. Ukiona vimefika, ndipo umuandikie.